Jakuzi Kando ya Mweru: Umeme wa Chumba cha Maji Kabla Hujabandika Vigae

Anayejenga nyumba ya wageni Kashikishi, Zambia, ana sababu nzuri ya kutaka chumba cha jakuzi. Ziwa Mweru liko mlangoni. Asubuhi za Juni na Julai hewa ya ziwani huwa ya baridi, na mwisho wa Julai sherehe ya Mutomboko kwa chifu Mwata Kazembe, kule Mwansabombwe, huleta wageni wengi mkoani Luapula. Maji ya moto yanauzika. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba huyo na fundi wake. Yanamhusu pia kila mwenye shawa ya umeme, hita ya maji au pampu ya kisima, awe Nchelenge, Pweto ng'ambo ya ziwa, Mbeya au Mombasa, maana hatari ni ile ile.

Jambo la kwanza ni mpangilio wa kazi. Karibu kila kitu kinachookoa maisha katika chumba cha namna hii hukaa chini ya sakafu na nyuma ya ukuta. Vigae vikishabandikwa, kurekebisha maana yake ni kuvunja, na ni wachache wanaokubali kuvunja vigae vipya kwa sababu ya waya wasiouona. Kwa hiyo fedha ya umeme itangulie fedha ya urembo. Ukiona haitoshi yote mawili, punguza vigae.

Breka hulinda waya

Mwenye nyumba akiuliza kuhusu usalama, mara nyingi huambiwa, "Mama, breka ya thelathini na mbili ipo, usihofu." Jibu hilo halitoshi, na inafaa kila mwenye nyumba ajue kwa nini.

Breka ya kawaida kazi yake ni kuzuia waya usichemke hadi kuwaka moto. Ile ya ampea 32 hukaa kimya mpaka umeme uzidi ampea 32. Sasa tuseme hita ndani ya jakuzi imepasuka, na umeme wa volti 230 unavujia kwenye chuma cha pampu. Pampu imeungwa na waya wa erthi, na waya huo unaishia kwenye erthi rodi iliyozikwa uani. Tuseme pia kwamba ukinzani wa rodi hiyo na udongo wake ni omu 20, kiwango ambacho mafundi wengi wangejivunia. Gawa 230 kwa 20, utapata ampea 11.5. Breka ya 32 haitashtuka hata kidogo. Pampu itaendelea kuzunguka, maji yataendelea kupata moto, na chuma chote kitabaki na umeme usiku kucha.

Mgeni anaingia. Ngozi yake imelowa, miguu iko pekupeku juu ya sakafu ya zege. Mwili mkavu huuzuia umeme kwa kiasi fulani, lakini uliolowa ukinzani wake huweza kushuka hadi omu 1,000 au chini ya hapo. Kwa volti 230 hiyo ni kama ampea 0.2, yaani miliampea 200. Kwenye miliampea 10 hivi misuli ya mkono hukaza, na mtu hawezi kuachia alichoshika. Kuanzia miliampea 30 pumzi na moyo viko hatarini. Miliampea 200 huweza kumuua mtu kwa muda mfupi sana, na kwa breka ya 32 hicho ni kiasi kidogo kuliko cha pasi ya nguo.

Kifaa kinachomjali mtu ni kile mafundi wanachokiita RCD. Usoni kimeandikwa hivyo, au RCCB, na kina kitufe kidogo chenye herufi T. Chenyewe hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, kama mchuuzi wa dagaa wa chisense anayehesabu vikapu vinavyotoka mtumbwini na vinavyofika kwenye lori: kikipungua kimoja, anasimamisha kazi. Kwa chumba cha maji nunua cha miliampea 30. Umeme uliopotea ukifika kiasi hicho, lazima kikate kabla ya theluthi moja ya sekunde kwisha, na ukifika miliampea 150, ndani ya sekunde 0.04.

Soma namba kabla ya kulipa. Madukani vipo vya miliampea 100 na 300, vinavyofanana kabisa na cha 30. Hivyo huwekwa penye meni swichi ili kuzuia moto. Mtu havimwokoi. Na kwa kuwa jakuzi za siku hizi zina vidhibiti vya kielektroniki, chagua cha aina A badala ya AC. Aina ya AC huweza kupofuka pale umeme unaovuja umepitia kwenye vidhibiti hivyo.

RCD peke yake haizuii waya kuchemka, kwa hiyo breka inahitajika pia, au ununue kifaa kimoja kinachofanya kazi zote mbili. Tena, mtu akishika laivu kwa mkono huu na nyutro kwa mkono ule bila umeme kupita ardhini, RCD haitamwona. Ndiyo maana bado yanahitajika mambo mengine mawili, nayo ni erthi na umbali.

Mchanga wa ziwani

Ufukwe wa Mweru una mchanga mwingi, na mchanga mkavu hupitisha umeme vibaya sana. Erthi rodi iliyopimwa Februari, mvua ikiwa imelowesha kila kitu, itatoa namba ya kufurahisha. Rudi Septemba au Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijaanza, uone namba hiyo imepanda kiasi gani. Kipimo cha kuamini ni cha kiangazi, na hufanywa kwa mashine ya kupimia erthi. Bisibisi yenye taa haipimi erthi. Fundi asiye na mashine hiyo aiazime, au atafutwe mwingine.

Penye RCD, kanuni za Uingereza, ambazo desturi za ufundi za Zambia zimerithi mengi kutoka kwazo, hushauri erthi isizidi omu 200, kwa sababu juu ya hapo haitabiriki tena. Kadiri inavyoshuka ndivyo bora. Rodi moja isipotosha, ongeza ya pili, na umbali kati yao usipungue urefu wa rodi yenyewe, la sivyo zinagombania udongo ule ule. Kuna desturi ya kumwaga chumvi na mkaa shimoni. Chumvi hushusha namba siku ya kupima, kisha mvua huisomba, na ile inayobaki hula chuma. Rodi ndefu inayofika kwenye udongo wenye unyevu wa kudumu ina faida kubwa zaidi, na kando ya ziwa maji ya chini hayako mbali.

Kisha yaja kazi inayorukwa kuliko zote, ya kuunganisha vyuma vyote vya chumba. Bomba la maji la chuma, fremu ya dirisha, kishikio cha ukutani, mwili wa pampu na nondo za sakafu viungwe kwa waya mmoja wa shaba, wa milimita za mraba 4 au zaidi, hadi kwenye erthi. Umeme hupita mwilini pale tu sehemu mbili unazogusa zina volti tofauti. Mkono ukiwa kwenye bomba na mguu kwenye sakafu, na vyote viwili vikiwa na volti ile ile, hakuna cha kuusukuma umeme upite kwako. Waya wa nondo lazima ufungwe kabla zege halijamwagwa. Nenda mwenyewe siku hiyo, ukaone kwa macho, na upige picha ya kila kiungo. Picha hizo zitamsaidia fundi atakayekuja baada ya miaka kumi.

Mita zinazookoa

Kanuni ya kimataifa ya nyaya za majengo, IEC 60364, inagawa bafu kwa kanda. Ndani ya beseni hakuingii umeme wa volti 230 wa kuungwa na fundi. Taa za humo ziwe za volti 12, na transfoma yake ikae nje kabisa. Juu ya beseni hadi kimo cha mita 2.25, na sentimita 60 kulizunguka, huwekwa vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya mahali hapo tu, vyenye alama ya IPX4 kwa uchache, yaani maji yanayorushwa hayaingii. Kama chumba husafishwa kwa mpira wa maji wenye nguvu, basi IPX5. Taa ya dari iwe ya kufunikwa. Mvuke wa jakuzi hupanda, hupoa darini, kisha hudondoka matone ndani ya holda iliyo wazi.

Soketi ni jambo la kubishaniwa na kila mwenye nyumba, kwa sababu mgeni anataka kuchaji simu. Kanuni za Uingereza kwa miaka mingi zilidai mita 3 kutoka mpaka wa kanda ya beseni, na mwaka 2022 zikapunguza hadi mita 2.5. Marekani inaruhusu karibu zaidi, futi 6. Vyumba vingi vinavyojengwa kwetu havina hata mita 2.5 kutoka ukuta hadi ukuta, kwa hiyo jibu ni moja: usiweke soketi kabisa. Iweke chumbani, mbali kiasi kwamba waya wa chaja haufiki beseni. Watu wamefia kwenye beseni za kuogea Ulaya kwa simu iliyokuwa ikichaji kwenye ekstensheni. Hilo ni jambo la kumwambia mgeni kinywani, kwa adabu, siku anapokabidhiwa ufunguo.

Swichi ya taa ikae nje ya mlango. Swichi kuu ya jakuzi nayo iwe nje ya maji, mahali ambapo mhudumu anaiona na kuifikia kwa hatua chache, na ikate laivu na nyutro kwa pamoja. Kukata laivu peke yake hakutoshi, kwa sababu katika nyumba zilizoongezwa vyumba kidogo kidogo mara nyingi laivu na nyutro zimebadilishana mahali bila mtu kujua.

Plagi kutoka ng'ambo

Hapa Mweru ina shida yake yenyewe. Ziwa hili lina mwambao wa Zambia na mwambao wa Kongo, na bidhaa huvuka. Soketi za Zambia ni za Kiingereza, zenye matundu matatu ya mstatili, kama za Tanzania, Kenya na Uganda. Kongo imefuata Ubelgiji na Ufaransa, na plagi zake nyingi zina pini mbili za mviringo, erthi ikipitia tundu lililo kwenye plagi yenyewe au vipande vya chuma vya pembeni.

Kila mtu ameona kinachofuata. Mtu anachukua kalamu au kijiti, anakisukuma kwenye tundu la juu la soketi ya Kiingereza ili vifuniko vya chini vifunguke, kisha anaingiza pini mbili kwa nguvu. Kifaa kinawaka, kila mtu anaridhika. Lakini tundu la juu ndilo la erthi, na plagi ile haikuligusa. Pampu, hita ya ndoo, birika, chochote chenye mwili wa chuma kilichochomekwa hivyo hakina erthi hata kama rodi ya uani ni ya dhahabu. Kata plagi hiyo. Funga ya pini tatu yenye fyuzi, na waya wa kijani na njano ufike kwenye pini ya juu. Kama waya wa kifaa una nyuzi mbili tu ndani, na mwili wake ni wa chuma, usikitumie mahali penye maji.

Rangi nazo zina mtego wake. Katika nyumba nyingi za zamani upande huu laivu ni nyekundu na nyutro ni nyeusi. Kwa desturi ya Kifaransa nyutro ni ya bluu, na nyeusi huweza kuwa laivu. Fundi aliyezoea upande mmoja, akinunua kebo iliyotoka upande mwingine, anaweza kuunga kinyume kwa nia njema kabisa. Apime kila waya kabla ya kuufunga, na rangi asiitegemee.

Mzigo na waya wake

Hesabu ya umeme wa jakuzi ni rahisi. Hita ya kilowati 3 na pampu ya kilowati 1.5 hufanya kilowati 4.5, karibu ampea 20. Waya wa milimita za mraba 2.5 uliopita ndani ya ukuta wa moto unakuwa ukingoni, nao ni mzigo wa saa nyingi. Maji lita 1,000 yaliyo nyuzi 25 yanahitaji kilowati-saa 15 kufika nyuzi 38, maana yake hita hiyo inachoma saa tano mfululizo, ukiacha moto unaopotea njiani. Tumia waya wa milimita za mraba 6 moja kwa moja kutoka kwenye bodi ya breka, na usiutie kitu kingine. Shawa ya papo kwa papo ya kilowati 5.5 huvuta ampea 24 na inastahili waya wake pekee vile vile. Kuiunga kwenye waya wa soketi ni kosa linaloonekana baadaye kwa harufu ya plastiki.

Kebo bandia ipo kila soko. Chuna ncha ya waya, ukwaruze kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani, na waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba huonyesha weupe. Sumaku ikinasa, ni chuma. Zambia ina Shirika la Viwango, ZABS, na tangu sheria za mwaka 2017 kuna wakala wa viwango vya lazima, ZCSA, wa kupelekewa malalamiko ya bidhaa kama hizo.

Umeme ukikatika

Mwaka 2024 ukame ulikausha mabwawa, Rais Hakainde Hichilema akautangaza kuwa janga la taifa mwishoni mwa Februari, na mgawo wa umeme ukawa wa saa nyingi nchi nzima. Tangu hapo jenereta na inveta zimeingia katika nyumba ambazo hazikuwa nazo. Nazo zimeleta hatari ambayo hata mafundi wazuri hawaizungumzi vya kutosha.

Ili RCD ikate, umeme unaovuja lazima uwe na njia ya kurudi kwenye chanzo chake. Ukitoka kwa shirika la umeme la Zambia, ZESCO, njia ipo, kwa kuwa nyutro ya transfoma imezikwa ardhini. Jenereta nyingi ndogo za petroli huuzwa bila nyutro kuungwa na erthi. Umeme ukivuja mara ya kwanza, hakuna kinachotokea, wala RCD haioni kitu. Hitilafu inakaa kimya, labda miezi. Siku hitilafu ya pili itakapotokea kwenye waya mwingine, mtu atakayekuwa ameshika vyuma viwili ndiye atakuwa njia. Inveta nyingi zina shida hiyo hiyo. Fundi aunge nyutro ya jenereta na erthi mahali pamoja, kwa namna inayofanya kazi jenereta inapokuwa chanzo tu, kisha apime RCD kwa kuvujisha umeme kwa makusudi kwa kifaa cha kupimia. Kitufe cha T hakitoshi hapa, kwa sababu hujaribu mashine ya ndani peke yake. Kitakata hata kama nyumba nzima haina erthi.

Ushauri wangu kwa jakuzi ni mfupi: isifanye kazi kwa jenereta wala inveta. Saketi yake iachwe kwenye upande wa ZESCO tu. Hita ya kilowati 3 ni mzigo usio na maana wakati wa mgawo, na kwa uamuzi huo mmoja hatari yote niliyoeleza inaondoka.

Na jenereta isichomekwe kamwe kwenye soketi ili kulisha nyumba. Iwe na chenjiova, yaani swichi ya kuchagua chanzo kimoja tu kwa wakati. Umeme unaorudi barabarani hupita kwenye transfoma kinyumenyume na kupanda kuwa maelfu ya volti, na yuko mtu juu ya nguzo aliyeambiwa kwamba laini imezimwa.

Karatasi

ZESCO huangalia nyaya kabla ya kuunganisha nyumba mpya. Jakuzi iliyoongezwa miaka mitatu baada ya mita kufungwa haikaguliwi na mtu, isipokuwa uitishe ukaguzi mwenyewe. Sheria ya mwaka 2010 ya Taasisi ya Wahandisi ya Zambia, EIZ, inataka hata mafundi wa mikono wawe wamesajiliwa, kwa hiyo kumwomba fundi kadi yake si kumdharau. Malalamiko kuhusu huduma ya umeme hupelekwa kwenye Bodi ya Udhibiti wa Nishati, ERB. Msomaji wa Tanzania aulize leseni ya EWURA na daraja lake, wa Kenya aulize ya EPRA, wa Uganda ya ERA.

Kazi ikiisha, usikubali neno "iko sawa" peke yake. Dai karatasi yenye namba: ukinzani wa erthi na tarehe ya kuupima, muda ambao RCD ilichukua kukata, hali ya ngozi za waya. Fundi aliyepima ana namba hizo. Malipo ya mwisho yangoje karatasi hiyo.

Baada ya hapo mhudumu abonyeze kitufe cha T mara moja kila mwezi. RCD isipokata, jakuzi ifungwe siku hiyo hiyo. Ikiwa inajikata yenyewe, isikingwe wala kurukwa kwa waya, kwa maana inasema kuna mahali panavuja. Mgeni yeyote akisema bomba "linatetemesha", zima swichi kuu kwanza, maswali baadaye.

Mtu akinaswa, usimguse, na usiingie kwenye maji yale. Zima umeme. Usipoweza kufikia swichi, msukume aachane na chuma kwa mti mkavu, nawe ukiwa umesimama pakavu. Akiwa hapumui, anza kubonyeza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefundishwa kupuliza pumzi ampulizie mara mbili kila baada ya mibonyezo 30. Usiache mpaka msaada ufike. Hata akizinduka na kusema yuko salama, apelekwe Hospitali ya Mtakatifu Paulo hapo hapo Kashikishi, au hospitali iliyo karibu nawe, apimwe moyo. Mapigo yaliyovurugwa na umeme huweza kuharibika saa kadhaa baadaye, na jeraha dogo la ncha ya kidole huweza kuficha nyama iliyoungua ndani.